Somo la kumi na saba: Wenye ndoa wanapoachana



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza sakramenti ya ndoa: jinsi bwana na bibi wanavyopeana ahadi mbele ya padri na mashahidi, na jinsi Mungu mwenyewe anavyolikaza fungo lao. Leo tunafika kwenye neno gumu zaidi. Tutasema juu ya wenye ndoa wanaoachana. Labda wengine watatuuliza: «Walimu, ninyi mliotufundisha kwamba ndoa haivunjiki, mbona leo mnatufundisha njia ya kuivunja?» Hapana, ndugu zetu. Anayeonyesha mlango wa kutolea watoto katika nyumba inayoungua hafundishi watu kuwasha moto.

Tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadha iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwetu usiku, mtoto mmoja mgongoni, wengine watatu wakimfuata gizani. Bwana wake alikuwa amempiga, akamwambia: «Ondoka, mali yako nimekwisha kuidai kwa wazee wako.» Sisi tulimpa maji, tukamwombea, kisha tukamjibu kwa ufupi: «Mama, ndoa ni msalaba. Rudi nyumbani, uvumilie.» Akatii, akarudi. Baada ya majuma matatu aliletwa hospitali, mkono wake umevunjika.

Tulimwambia neno la kweli, yaani ndoa ni takatifu, lakini tulificha nusu ya mafundisho. Hatukumwambia kwamba Kanisa lenyewe linampa ruhusa mtu aliye katika hatari kutoka nyumbani. Wala hatukumwambia kwamba sheria ya Leta ina neno la kusema juu ya watoto, juu ya chakula na juu ya mali. Hatukumwambia kwa sababu hatukujua. Basi tukaenda kwa padri, tukaenda kwa watu wa tribinali, tukauliza. Somo hili ni matunda ya maulizo yale.

Ndoa moja, milango mitatu

Kwetu Kongo ndoa ya mkristu hupita katika milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa jamaa. Hapo wazee wanakaa, mahari inatolewa, jamaa mbili zinakuwa moja. Mlango wa pili ni wa Leta. Hapo bwana na bibi wanakwenda katika biro ya etasivili, karani anaandika majina yao katika kitabu, nao wanapewa karatasi ya ndoa. Mlango wa tatu ni wa Kanisa. Hapo wanapokea sakramenti.

Kila mlango una ufunguo wake, na ufunguo wa mlango mmoja haufungui mwingine. Neno hili mlishike sana, maana karibu mateso yote tunayoyaona vijijini yanatoka katika kuchanganya funguo hizi tatu.

Wazee wakirudisha mbuzi na feza za mahari, wamefanya jambo la jamaa tu. Ndoa iliyoandikwa kwa Leta haijavunjika kwa mbuzi hao. Mume akimfukuza mke wake na kusema mbele ya kijiji kizima, «Wewe si mke wangu tena,» neno lake halivunji kitu. Kwa sheria ya nchi yetu, talaka hutolewa na hakimu peke yake, kwa hukumu, baada ya mmoja wa wenye ndoa kuiomba. Hakuna mtu mwingine mwenye uwezo huo: mume hana, mzee wa ukoo hana, wala katekista hana.

Tena, hakimu wa Leta akitoa talaka, amefungua mlango wa Leta tu. Fungo la sakramenti halijafunguka. Kwa mafundisho ya Kanisa, ndoa ya wabatizwa wawili iliyofungwa vizuri na kutimizwa haivunjwi na uwezo wowote wa watu. Ni kufa tu kunakoimaliza. Ndiyo maana mkristu aliyeachana na mwenzake hana ruhusa ya kuoa au kuolewa tena wakati mwenzake yungali hai, hata kama ana karatasi ya tribinali mkononi.

Sheria ya Leta inatoka wapi?

Sheria ya jamaa tunayoitumia leo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987. Ikatengenezwa upya katika sehemu nyingi kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mabadiliko yale ya 2016 yaligusa sana hali ya mwanamke. Zamani mke aliyetaka kwenda mbele ya hakimu, au kufanya mapatano makubwa ya mali, alipaswa kupata kwanza ruhusa ya bwana wake. Tazameni ugumu wake: mtu aliyepigwa alipaswa kumwomba aliyempiga ruhusa ya kumshitaki! Sheria ya 2016 imeondoa ruhusa hiyo. Leo bibi anaweza kusimama mbele ya hakimu kwa jina lake mwenyewe.

Sheria hiyo inakubali ndoa ya mume mmoja na mke mmoja tu, nayo inataka wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Katika mambo haya Leta na Kanisa wanatembea pamoja.

Mambo yanavyokwenda mbele ya hakimu

Anayetaka talaka, awe bwana au bibi, anakwenda mwenyewe kwa mkubwa wa Tribinali ya Amani. Hiyo ndiyo tribinali iliyo karibu na raia kuliko nyingine. Anakwenda katika ile ya mahali anapokaa mwenzake, au ya mahali walipokaa pamoja kwa mwisho. Si lazima ajue kuandika. Anaweza kuleta maombi yake kwa karatasi, au kuyasema kwa kinywa, naye anaeleza sababu zake.

Sababu yenyewe ni ipi? Sheria haisemi kwamba mtu ataachana na mwenzake kwa kuwa mboga ilikosa chumvi au kwa kuwa mke amezaa wasichana tu. Inataka hakimu asadiki kwamba umoja wa nyumba ile umeharibika kabisa, hata haiwezekani tena kuendelea pamoja.

Kabla ya kuhukumu, hakimu anapaswa kujaribu kupatanisha. Anamsikiliza aliyeleta maombi, anampa mashauri, kisha anawaita wote wawili. Wakristu wapendwa, msiidharau saa hiyo. Tumeona watu waliofika mbele ya hakimu wakiwa na hasira kama simba, wakarudi nyumbani pamoja. Kupatana kunakofanywa kwa moyo mweupe ni ushindi. Lakini kupatana kwa hofu, wakati fimbo ingali nyuma ya mlango, si kupatana. Ni kuahirisha msiba.

Wakati mashauri yanaendelea, hakimu anaweza kutoa amri za muda: nani akae wapi, watoto wakae kwa nani, nani alete chakula. Kwa hiyo mama asifikiri kwamba atakaa na njaa mpaka siku ya hukumu. Aombe amri hizo mapema. Na asiye na feza za tribinali aulize juu ya karatasi ya umaskini, inayotolewa na wakubwa wa mahali pake. Kwa karatasi hiyo anaweza kuondolewa gharama.

Hukumu ikiisha kutolewa na kukazwa, huandikwa katika vitabu vya etasivili. Kabla ya hapo wale wawili wangali bwana na bibi mbele ya Leta, hata kama wamekaa mbali miaka mingi, na hata kama mahari imerudi yote.

Watoto ni wa nani?

Hapa ndipo kelele zinapozidi. Kwa makabila yanayohesabu ukoo upande wa baba, kama Washi, jamaa ya mume husema: «Watoto ni wetu, mama aende na nguo zake.» Kwa makabila yanayohesabu ukoo upande wa mama, kama Watabwa na Wabemba, mjomba husema: «Watoto ni wa ukoo wetu, baba hana neno.» Pande zote mbili zinavuta mtoto kama watu wanavyovuta ngozi ya mbuzi, mpaka inapasuka.

Hakimu haulizi kwanza ukoo. Anauliza: mtoto atakaa vizuri wapi? Atakula wapi, atasoma wapi, nani atamchunga? Sheria inaangalia pia ni nani aliyeharibu nyumba, lakini faida ya mtoto inakuwa na uzito kuliko yote. Yule ambaye hakupewa watoto hapotezi ubaba wake au umama wake. Ana haki ya kuwaona, na haki ya kuangalia kama wanalelewa na kufundishwa vema. Tena ana deni: wote wawili wanapaswa kutoa kwa ajili ya watoto, kila mtu kadiri ya uwezo wake.

Kwa hiyo baba asiseme: «Mama yao amewachukua, basi awalishe yeye.» Kuachana na mke si kuachana na watoto. Sheria yetu inasema wazi kwamba kila mtoto wa Kongo apaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inahesabu malezi ya watoto kuwa haki na wajibu wa wazazi, nayo inakataza kuwatupa na kuwatesa.

Lakini mtoto atatambuliwaje? Kwa karatasi ya kuzaliwa. Mtoto akizaliwa, jina lake lipelekwe kwa etasivili katika siku 90. Karatasi ya ubatizo ni ya thamani sana kwetu, lakini haishiki mahali pa karatasi hiyo ya Leta.

Mali itagawanywaje?

Siku ya kufunga ndoa, sheria inawapa bwana na bibi kuchagua moja ya njia tatu za kushika mali: kila mtu na mali yake, au mali yote kuwa moja, au mali iliyopatikana ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili. Wasipochagua, sheria inawawekea njia ya tatu. Wengi wetu vijijini hatukuchagua, kwa hiyo njia hiyo ndiyo yetu.

Maana yake ni hii. Shamba ambalo bwana aliachiwa na babu yake ni lake. Mbuzi ambao bibi alipewa na baba yake ni wake. Lakini nyumba ya matofali waliyoijenga kwa feza za mihogo baada ya kuoana, mashini ya kushona, kinga ya kubebea mizigo, mabati, hivyo ni vya wote wawili, hata kama karatasi ya kununua ina jina la mmoja tu. Hata bibi ambaye hakushika feza mkononi, aliyelima, aliyepika, aliyelea, ana sehemu yake. Madeni nayo huhesabiwa: yale waliyoyachukua kwa ajili ya nyumba yao hayawi mzigo wa mmoja.

Juu ya chakula na mavazi, hakimu anaweza kumwamuru mmoja kumsaidia mwenzake aliyebaki katika shida. Hayo hutazamwa kwa uwezo wa mtoaji na haja ya mpokeaji.

Karatasi iliyokosekana

Sasa turudi kwa mama yule. Alipotoka hospitali tulikwenda naye kwa tribinali. Hakimu hakumfukuza. Alimsikiliza kwa heshima, kisha akauliza neno moja: «Karatasi ya ndoa iko wapi?»

Mama akafungua kitambaa chake, akatoa karatasi ya ndoa ya Kanisa. Ilikuwa imekunjwa vizuri, haina hata doa. Hakimu akaisoma, akasema: «Hii ni ya padri. Ile ya Leta?»

Haikuwapo. Walikuwa wametoa mahari, wakafunga ndoa kanisani, wakala karamu, wakarudi kulima. Miaka kumi na miwili walikaa hivyo. Na nani aliyewaandaa kwa ndoa ile? Sisi. Tuliwafundisha sala, amri na mafumbo. Hatukuwaambia hata siku moja: «Nendeni pia kwa biro.»

Ndoa ya jamaa ambayo haikuandikwa si kitu bure. Mashahidi wa mahari wanaweza kuitwa, na njia ya kuiandikisha iko. Lakini mbele ya watu wa nje haina nguvu mpaka imeandikwa. Tulitembea kutafuta mashahidi: mzee mmoja alikuwa amekufa, mwingine alikuwa amehamia mbali, wa tatu aliogopa jamaa ya mume. Miezi ikapita. Katika miezi ile bwana aliuza nyumba ya matofali. Mnunuzi akasema: «Mimi sikujua kwamba huyu ana mke, onyesheni karatasi.» Hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Watoto wawili walikuwa wameandikwa kwa etasivili, wawili hapana. Kwa wale wawili wa kwanza neno la chakula lilikwenda upesi. Kwa wengine ilitupasa kuanza tangu mwanzo.

Mama hakutulaumu. Alisema tu: «Mwalimu, wale vijana mnaowafundisha sasa, waambieni.» Basi, ninyi vijana, tunawaambia.

Kanisa linamwambia nini aliyeachana?

Kwanza: kutengana kunaruhusiwa. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 inasema kwamba mwenye ndoa akiwa sababu ya hatari kubwa ya roho au ya mwili kwa mwenzake au kwa watoto, mwenzake anaweza kutengana naye. Hatari ikiwa karibu, anaweza kutoka mara moja, kisha atamjulisha padri, na neno litafikishwa kwa askofu. Fungo la ndoa linabaki, lakini si lazima mtu alale mahali anapoweza kuuawa. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorinto, alijua kwamba wengine wanatengana. Akawaagiza kukaa bila kuoa tena, au kupatana. Sheria ile ile inataka watoto wapate matunzo na malezi wakati wazazi wametengana.

Pili: kwenda kwa hakimu si dhambi kila mara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba talaka ya Leta, ikiwa ndiyo njia peke yake ya kulinda haki fulani, ya kutunza watoto au ya kulinda urithi, inaweza kuvumiliwa, wala si kosa kwa yule anayeitafuta kwa sababu hiyo. Anayeitafuta apate njia ya kuoa mwingine, huyo ameacha njia ya sakramenti. Karatasi ni ile ile, lakini mioyo miwili haifanani.

Tatu: aliyeachwa bila kosa, naye akakaa katika uaminifu, hazuiliwi sakramenti. Tunasema neno hili kwa sauti kubwa, kwa maana tumesikia katika vijiji vingine wakristu wakimnong'ona mama aliyefukuzwa anaposimama kwenda kukomunika. Asinong'onwe. Papa Yoane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya jamaa ya mwaka 1981, aliwataka wakristu wawaheshimu watu kama hawa na kuwasaidia, maana uaminifu wao ni ushuhuda. Hata aliyetalikiwa na kuolewa tena asifukuzwe kama mpagani. Yeye ni mbatizwa, na padri ndiye atakayemwonyesha hatua za kutembea.

Nne: pengine fungo halikuwapo tangu mwanzo. Msichana aliyepelekwa kanisani kwa kutishwa, mtu aliyeficha kwamba ana mke mwingine wa ndoa, mtu aliyedanganywa katika neno kubwa ili akubali: wote hao wanaweza kuomba tribinali ya Kanisa kupima kama ndoa ilifungwa kweli. Hiyo si talaka ya kikristu. Kanisa halivunji kitu. Linatazama kama kulikuwa na kitu. Papa Fransisko alirahisisha mashauri hayo mwaka 2015, na tangu tarehe 8 Desemba ya mwaka ule si lazima tena hukumu mbili zinazolingana. Moja inatosha, ikiwa hakuna aliyekata rufani. Na watoto waliozaliwa katika ndoa kama hiyo hawapotezi heshima yao kuwa watoto halali. Anayefikiri kwamba jambo hili linamhusu aanze kwa padri wa parokia yake.

Neno kwa wazee na kwa viongozi wa kanisa

Baba zetu wazee, ninyi mnaokaa katika baraza la jamaa, kazi yenu ni kubwa na ya heshima. Mkipatanisha watu kwa haki, tribinali itakuwa na kazi kidogo. Lakini kuna mambo matatu ambayo hayakatwi kwa pombe na kuku. Kupiga mtu ni kosa mbele ya sheria ya nchi; msilifiche kwa kusema ni neno la ndani. Mtoto si sehemu ya mahari. Msimtie katika hesabu ya mbuzi. Na anayekwenda kwa hakimu kutafuta chakula cha watoto hawaaibishi ninyi. Yule aliyewaacha watoto na njaa ndiye aliyeleta aibu.

Na ninyi makatekista wenzetu: kabla ya kuandika majina ya wachumba kwa padri, ulizeni juu ya karatasi ya Leta. Wasaidieni kufika biro, mahali palipo mbali mtembee nao. Wenye ndoa za zamani ambao hawakuandikwa, waambieni waende sasa, wakati wanapendana bado, wakati wazee walioona mahari wangali hai. Kutafuta karatasi siku ya amani ni kazi ya siku moja. Kuitafuta siku ya vita ni kazi ya mwaka.

Maulizo na majibu ya kukumbuka

Ulizo: Mahari ikirudishwa, ndoa iliyoandikwa kwa Leta imevunjika?
Jibu: Hapana. Hakimu peke yake ndiye anayetoa talaka ya Leta.

Ulizo: Talaka ya hakimu inafungua fungo la sakramenti?
Jibu: Hapana. Fungo la ndoa halali ya wabatizwa, ikiisha kutimizwa, linabaki mpaka kufa.

Ulizo: Mkristu aliye katika hatari nyumbani kwake anaweza kutoka?
Jibu: Ndiyo. Kanisa linamruhusu kutengana na mwenzake, fungo linabaki.

Ulizo: Mkristu anaweza kwenda tribinali bila dhambi?
Jibu: Ndiyo, ikiwa hana njia nyingine ya kulinda haki yake, watoto wake au mali yao.

Ulizo: Asiyejua kuandika, na asiye na feza, afanye nini?
Jibu: Aseme maombi yake kwa kinywa, tena aulize juu ya karatasi ya umaskini.

Ulizo: Karatasi zipi zitunzwe katika kila nyumba?
Jibu: Karatasi ya ndoa ya Leta, karatasi ya ndoa ya Kanisa, karatasi ya kuzaliwa ya kila mtoto, na karatasi za vitu vilivyonunuliwa.

Wapendwa, mama yule anakaa leo karibu na kanisa letu katika nyumba ya udongo. Mkono wake haujanyoka vizuri. Analima, watoto wanasoma, wote wanne sasa wameandikwa. Hajaolewa tena, na kila siku ya Mungu anakomunika. Bwana wake hajarudi, tunamwombea naye. Kila mara vijana wanapokuja kujiandikisha kwa ndoa tunamwona mama huyu machoni petu, nasi tunawauliza: «Mmekwisha kwenda kwa biro?»

Juma lijalo tutaeleza haki za mjane na za yatima. Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.